UZI: Njegere zetu tunazipima kwa ndoo tu, ndani ya punje kuna nini? Mbeya, Iringa, Njombe karibuni

Mporoto_Shambani

Wakuu kamwene, na wa Rungwe ugonile. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu maana kila msimu ukikaribia mada za njegere ni zile zile, mbegu gani inatoa gunia nyingi, dawa gani inaua ubwiriunga (ule ukungu mweupe kama unga kwenye majani), bei Dar ikoje. Maswali ya maana kabisa, wala siyapingi. Ila sijaona mtu anauliza hiyo njegere yenyewe ndani ina nini, protini kiasi gani, madini ya chuma kiasi gani, sukari au wanga, na kwa nini mbegu mbili zilizokaa shamba moja mvua moja mbolea moja zinatoka tofauti kabisa mdomoni.

Linanikaa moyoni kwa sababu moja. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipima watoto chini ya miaka 5, kitaifa udumavu ni asilimia 30, halafu ukija kwetu Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndo mikoa inayolisha nchi jamani. Mahindi tunayo, viazi tunavyo, njegere zinapakiwa kwenye fuso kila jioni zinashuka. Sasa mimi kilimo nimekisomea na huku Mporoto nalima na kuzunguka na wakulima wenzangu, naona kuna kazi kubwa ya utafiti imefanyika duniani kuhusu huu mmea na haitufikii, inatufikia bei ya mbegu tu.

Naanza na kitu ambacho unaweza kukifanya sasa hivi. Mwaga mbegu kavu ya njegere kwenye kiganja. Utakuta aina mbili, kuna laini za duara zinateleza, na kuna zenye makunyanzi. Wengi wanadhani yenye makunyanzi haijakomaa au imeliwa na jua. Sio. Ni tabia ya kuzaliwa.

Huyu mtawa Gregor Mendel tunayemsoma sekondari, alikuwa Brno, siku hizi ni Jamhuri ya Cheki, kati ya 1856 na 1863 alilima njegere bustanini kwao mimea inakaribia 28,000. Akachanganya duara na makunyanzi, kizazi cha kwanza zikatoka duara zote, kizazi cha pili akahesabu duara 5,474 na makunyanzi 1,850, yaani tatu kwa moja. Hapo ndo sayansi ya urithi ilipoanzia. Lakini Mendel hakujua kwa nini punje inajikunja. Jibu lilikuja 1990 kutoka kituo cha John Innes kule Norwich, Uingereza. Punje ya duara ina kimeng'enya kinachoupa wanga matawi. Kwenye punje ya makunyanzi kuna kipande cha vinasaba kama herufi 800 hivi kilijichomeka katikati ya jeni ya hicho kimeng'enya, kikakiharibu. Basi wanga unatengenezwa kidogo, sukari inabaki nyingi, na sukari inavuta maji, kwa hiyo punje ikiwa mbichi inavimba kweli kweli, ikija kukauka maji yanatoka ngozi inabaki kubwa kuliko kilichomo, inakunjamana.

Ndio maana njegere tamu za kula mbichi na za kwenye kopo nyingi ni za makunyanzi, na zile za kukausha za kupika supu au kusaga ni za duara. Na kuna lingine, 2020 watafiti wa Uingereza waliwalisha watu njegere za makunyanzi wakapima damu, sukari ilipanda polepole kuliko kwa waliokula za duara, kwa sababu wanga wake ni mgumu kumeng'enywa. Kwa wenye kisukari hiyo ni habari.

Nitaendelea, naomba mchangie kwanza.

Chalii wa Uyole

Mkuu umeandika vizuri ila mimi niseme ukweli, mteja hanunui protini, ananunua ndoo. Niambie ipi inajaza ndoo haraka, hayo ya Mendel tuliyaacha kidato cha nne.

Kinyungu_Kilolo

Mi nimefurahi hiyo ya makunyanzi, kuna mbegu nilinunua duka moja hapa mjini mwaka juzi ilikua na makunyanzi yote, nikaweka kwenye kinyungu (bustani ya bondeni) mwezi wa tano kukiwa na baridi na maji mengi chini, ikaota nusu tu nyingine ukifukua unaikuta imeoza inanuka. Nikajua nimeuziwa mbegu mbovu. Jirani yangu alipanda zile za kienyeji za duara zikaota zote. Hii inahusiana na unachosema?

Mporoto_Shambani

Kinyungu_Kilolo inahusiana moja kwa moja. Ile sukari iliyobaki ndani ya punje ya makunyanzi, ukiipanda kwenye udongo wa baridi na maji, inavuja nje wakati punje inanyonya maji, na fangasi wa udongo wanaifuata sukari hapo hapo. Kwa hiyo mbegu inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikaoza. Siwezi kusema hiyo yako haikuwa mbovu maana sikuiona, ila ukipanda makunyanzi kinyunguni tumia mbegu iliyopakwa dawa ya fangasi, subiri maji yapungue chini, na usizamishe sana. Ya duara inavumilia zaidi.

Chalii, hoja yako naiheshimu, tuongee ndoo. Watafiti wanayagawa mavuno ya njegere mara tatu, maganda mangapi kwa mmea, punje ngapi kwa ganda, na uzito wa punje. Kinachoamua zaidi ni idadi ya punje kwa eneo, uzito unakuja nyuma. Na idadi ya punje inaamuliwa kipindi kifupi tu, kuanzia maua yanapofunguka mpaka viganda vya mwisho vinapopita ile hatua ya kudondoka. Wafaransa wamelisoma sana hili, ukame au joto likipiga hapo mmea unatupa maua na viganda vichanga, na hata mvua ikirudi baadae huwezi kuvirudisha, utapata punje nene kidogo lakini chache. Njegere ni mmea wa ubaridi, joto likishapita nyuzi 28 hadi 30 wakati wa maua hasara inaanza. Kwetu huku juu joto sio tatizo kubwa, adui yetu ni sakitu, ile barafu ya alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba, ikiangukia kwenye maua na viganda vichanga umekwisha. Kwa hiyo kabla hujauliza mbegu gani, hesabu maua yako yatatoka wiki gani.

Sasa uzito wa ndoo na ubora wa ndani vinavutana, na hapa ndo penye utamu. Mmea una mfuko mmoja, ni ile sukari unayotengeneza kwa jua. 1975 Sinclair na de Wit walipiga hesabu ya mazao mengi ya mbegu, njegere ikiwemo, wakaonyesha kwamba gramu 1 ya sukari ikigeuzwa wanga unapata kama gramu 0.83, ikigeuzwa protini unapata gramu 0.4 tu. Umeona? Protini inamgharimu mmea mara mbili. Ndio maana aina nyingi za mavuno makubwa zinaelekea kuwa na protini pungufu kidogo, na za protini nyingi mavuno yanashuka, ingawa wazalishaji mbegu wanapata zinazovunja huo mtindo. Njegere kavu kwa kawaida ina protini asilimia 20 hadi 25 hivi, na aina na mazingira vinaipeleka juu au chini ya hapo.

Fanya hesabu ya mfano. Tuseme shamba A limetoa kilo 1,000 kavu zenye protini asilimia 20, hizo ni kilo 200 za protini. Shamba B limetoa kilo 900 zenye asilimia 24, hizo ni kilo 216. Kwa mizani ya sokoni A kashinda. Kwa tumbo la mtoto B kashinda. Na hakuna mizani yoyote pale gulioni itakayokuonyesha hiyo ya pili.

Mama_Lishe_Iringa

Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi niko kwenye lishe kituo cha afya huku Iringa na hizo takwimu tunaziishi. Naomba niweke jambo moja sawa, udumavu hausababishwi na kukosa protini peke yake. Kuna maji na usafi, kuna mtoto kuharisha kila mara, kuna mama anaenda shamba alfajiri mtoto anabaki na dada wa miaka minane analishwa mara mbili kwa siku, kuna mimba iliyobebwa na mama mwenye upungufu wa damu. Nasema ili mtu asidhani akilisha njegere amemaliza.

Lakini kwenye sahani hapo dada Mporoto yuko sahihi. Mtoto wetu anakula uji wa mahindi matupu asubuhi, ugali na majani mchana, ugali tena usiku. Anashiba. Mahindi protini yake imepungukiwa amino asidi (tofali la kujengea protini) inayoitwa laisini, na njegere imejaa laisini. Njegere nayo imepungukiwa methionini, ambayo mahindi yana afadhali. Ukiviweka pamoja kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Hii sio hadithi, ndio msingi wa kuchanganya nafaka na mikunde popote duniani.

Naomba kuuliza upande wa madini ya chuma, maana kina mama wengi kliniki damu iko chini.

Mporoto_Shambani

Asante mama, na hiyo nyongeza ya maji na usafi naomba kila mtu aisome mara mbili.

Chuma. Njegere kavu ina kama miligramu 5 kwa gramu 100, sio haba, lakini kuwemo ni jambo moja na kuingia mwilini ni lingine. Mbegu za mikunde zinahifadhi fosforasi kama asidi ya faitiki, na hiyo inakamata chuma na zinki tumboni, vinapita bila kufyonzwa. Kule Kanada Chuo Kikuu cha Saskatchewan walitoa mistari (koo za mbegu) ya njegere yenye asidi ya faitiki pungufu kwa zaidi ya nusu, wakatangaza 2012. Kazi nzuri sana. Ila mavuno yake yalikuwa chini kidogo ya mama yake. Unaona tena, ubora una bei yake shambani, na mkulima ndiye anayeilipa. Ndio maana mimi nasema kama hakuna anayenunua ubora, mkulima hana sababu ya kuulima, na sio kosa lake.

Jikoni unaweza kufanya mengi bila kusubiri mbegu mpya. Njegere kavu loweka usiku kucha, maji mwaga, suuza, pika mpaka zilainike kabisa. Ukiziotesha kidogo kabla ya kupika ni bora zaidi maana mbegu ikianza kuota inaivunja yenyewe ile asidi. Weka kitu chenye vitamini C pembeni, nyanya mbichi, limau, chungwa. Njegere mbichi zenyewe zina vitamini C karibu miligramu 40 kwa gramu 100, usizichemshe mpaka zigeuke rangi ya kaki. Na chai, hasa sisi wa Rungwe, Mufindi na Njombe tunaoishi katikati ya majani ya chai, usinywe pamoja na chakula, chai inafunga chuma. Kunywa baadae.

Mzee_Umalila

Wanangu hamjambo. Nasoma tu huku kijijini mjukuu ndiye anayeniandikia. Zamani sisi tulikuwa na njegere za maua ya zambarau, punje zake za kahawia zina madoa, mmea mrefu unapanda juu ya mabua ya mahindi. Ilikuwa ngumu kuiva unapika mpaka kuni zinaisha, lakini haikuoza shambani hata mvua inyeshe vipi. Zikaja hizi nyeupe watu wakaacha zile. Je tulifanya vibaya kuziacha?

Mporoto_Shambani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Rangi ya ua na rangi ya ganda la punje vinakwenda pamoja kwenye njegere, hata Mendel aliliona hilo. Ua la zambarau punje inakuwa na tanini kwenye ngozi, ua jeupe punje haina. Tanini ina uchungu kidogo, inapunguza kumeng'enywa kwa protini na kufyonzwa kwa chuma. Lakini hiyo hiyo tanini ndiyo inayoikinga mbegu na fangasi wa udongoni, ndio maana zenu hazikuoza. Kwa hiyo mzee kwa sahani nyeupe ni nafuu, kwa shamba la baridi na maji zambarau ina nguvu. Kuziacha zikapotea kabisa hiyo ndiyo hasara, sababu ndani yake kunaweza kuwa na ustahimilivu ambao mzalishaji mbegu anautafuta leo. Ethiopia mpaka leo wanalima njegere yao ya pekee, Pisum abyssinicum, haipo sehemu nyingine ya Afrika ninayoijua, na dunia nzima inaifuata kwa utafiti. Kama kuna bibi huko Umalila bado ana chupa ya zile mbegu, mzee nakuomba uzipande japo tuta moja zisife, halafu wapelekee sampuli TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo.

Mzee_Umalila

Marahaba mwanangu. Yupo. Nitamwendea.

Gulio_Mwanjelwa

Wakuu mimi mnunuzi, nachukua Mbeya Vijijini napeleka Dar. Lawama zote zinaishia kwangu. Mteja wa hoteli ananiambia njegere zako ngumu hazina utamu, na mimi nimezionja shambani zilikuwa tamu kama nini. Mbegu ile ile, siku ile ile nimepakia. Shida iko wapi

Mporoto_Shambani

Gulio shida iko kwenye kiroba. Njegere mbichi ikishachumwa bado inapumua kwa kasi kubwa, na sukari iliyomo inaendelea kugeuzwa wanga kama vile bado iko kwenye mmea. Joto likipanda kazi hiyo inaenda mbio zaidi. Siku nyingine kabla hujapakia ingiza mkono katikati ya kiroba kilichoshindiliwa kimekaa toka saa nne asubuhi. Utakuta kuna joto na unyevunyevu, utadhani kuna kitu kinachemka mle. Hilo joto linatoka kwenye njegere zenyewe, na hapo utamu unaondoka saa kwa saa, ukifika Dar umebeba wanga.

Chuma alfajiri umande ukianza kukauka, weka kivulini, tumia kreti au viroba vidogo visivyoshindiliwa, lumbesa kwa njegere mbichi ni kujiharibia mwenyewe. Safiri usiku. Acha kwenye maganda, usimenye mapema. Na ganda lichumwe punje zikiwa zimejaa ila hazijabana, ukisubiri ganda linenepe zaidi ili ndoo ijae, punje inakuwa nzito kweli lakini imeshageuka wanga shambani. Viwanda vya Ulaya vina mashine ya kupima ugumu wa punje na bei inafuata kipimo hicho, laini bei juu, ngumu bei chini. Huko mkulima analipwa kwa kuwahi kuchuma. Kwetu analipwa kwa kuchelewa, maana ndoo inajaa.

Chalii wa Uyole

Hapo kwenye bei kwa kipimo nimekuelewa sasa. Kama Gulio angenipa hata mia mbili zaidi kwa ndoo ya zilizochumwa mapema mi nachuma mapema, sina shida

Gulio_Mwanjelwa

Chalii njoo inbox tuongee, niko serious. Hoteli wananilipa vizuri zikifika laini.

Sister_Makambako

Mie naomba kuuliza, kuna mtu anapita vijijini anauza "haibridi ya njegere" bei imechangamka, anasema ukirudishia mbegu yake msimu wa pili haitoi kitu lazima ununue tena kwake. Ni kweli?

Mporoto_Shambani

Sister, kuwa makini sana. Ua la njegere linajichavusha lenyewe, chavua inamwagika kabla ua halijafunguka, nyuki akija anakuta kazi imeisha. Ndiyo sababu Mendel aliichagua. Kutengeneza haibridi ya njegere kibiashara ni kazi ngumu na ghali mno, aina karibu zote duniani ni mistari safi inayojirudia yenyewe. Maana yake ukinunua aina nzuri iliyothibitishwa na TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu) unaweza kuhifadhi mbegu yako na itafanana na mama yake. Mbegu ya kununua ina faida zake, imepimwa uotaji, ina usafi, imepakwa dawa. Ila huyo anayesema haitoi kitu msimu wa pili mwambie akuonyeshe lebo ya uthibitisho.

Kinachoharibu mbegu ya kuhifadhi ni magonjwa. Kuna virusi vya batobato vinavyopita ndani ya mbegu, vinasambazwa pia na vidukari, na kuna fangasi wa madoa ya kahawia kwenye maganda ambao nao wanabebwa na mbegu. Kwa hiyo mbegu usichague ghalani. Chagua shambani wakati mimea ikiwa mibichi, funga utepe au uzi mwekundu kwenye mimea misafi yenye maganda mengi, hiyo usiiguse mpaka ikauke. Wengi tunafanya kinyume, tunauza maganda mazuri yote ya mwanzo halafu mabaki ya mwisho yaliyochoka ndiyo tunayaita mbegu.

Kinyungu_Kilolo

Na mbolea je? Huku kwetu watu wanamwaga urea kama mahindi, mmea unakua mzuri majani meusii halafu maganda machache. Bwana shamba anasema weka DAP tu, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi.

Mporoto_Shambani

Njegere ina bakteria wake kwenye mizizi, Rhizobium leguminosarum, wanachukua naitrojeni ya hewani wanaupa mmea. Ukimwaga urea nyingi mmea unaona ya nini kuwalisha bakteria, vinundu vya mizizini wanamokaa vinaacha kutengenezwa, nguvu zote zinaenda majani, majani yanafunikana, chini kunakuwa na unyevu na ubwiriunga unapata makazi. Kidogo cha kuanzia kinatosha, na fosforasi ndiyo muhimu, udongo wetu wa nyanda za juu sehemu nyingi una fosforasi pungufu na uchachu mwingi.

Na hii inagusa protini moja kwa moja. Wakati punje zinajaa vinundu vinachoka, havipati tena sukari ya kutosha, na punje bado zinadai naitrojeni. Mmea unafanya nini? Unayavunja majani yake yenyewe na kuyahamishia kwenye punje. Ule unjano unaopanda kutoka chini mwishoni mwa msimu sio ugonjwa, majani yanakuwa protini ya punje. Kwa hiyo mmea uliofanya kazi vizuri na vinundu mapema unakuwa na akiba kubwa ya kuhamisha.

Fanya kipimo hiki bure. Mmea ukianza maua chimbua na jembe kwa upole usiung'oe kwa nguvu, vinundu vitakatika vibaki ardhini. Osha mizizi kwenye ndoo ya maji. Chukua kinundu kipasue kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi kama damu iliyochanganywa na maziwa, kinafanya kazi. Cheupe bado hakijaanza au bakteria hawafai, kijani au kahawia kimezeeka.

Mama_Lishe_Iringa

Dada kuna kitu nataka kujua, kwa nini hawa watafiti wasitoe tu njegere moja yenye kila kitu, chuma juu, protini juu, mavuno juu, haina ubwiriunga? Wana kompyuta na kila kitu.

Mporoto_Shambani

Wanasogea mama. 2019 timu ya kimataifa ikiongozwa na Wafaransa ilisoma vinasaba vyote vya njegere, aina inaitwa Caméor, kitabu chake ni kirefu kuliko cha binadamu, herufi kama bilioni 4.4 wakati sisi tuna bilioni 3 na kidogo, na sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia rudia, ndio maana ilichelewa. 2025 Waingereza na Wachina wakakamilisha jeni za tabia zote saba za Mendel, baada ya miaka 160. Ustahimilivu wa ubwiriunga wanaujua, unatokana na jeni moja ya mmea kuharibika kiasi kwamba fangasi anakosa mlango wa kuingilia. Kuna na zile njegere ambazo majani yamegeuka kuwa vikamba vya kujishikizia, mimea inashikana yenyewe kwa yenyewe haianguki mvua ikipiga, Kanada na Ulaya ndizo zimetawala, na nadhani huku kwetu kwenye mvua za mwezi wa tatu zingetusaidia sana, tungeokoa na fito.

Ugumu ni kwamba protini na mavuno vinaongozwa na jeni nyingi ndogo ndogo zilizotawanyika, kila moja inasukuma kidogo, na mazingira yanaingilia. Aina iliyoshinda Saskatchewan kwenye siku ndefu za kiangazi chao inaweza kuja Uyole ikachanganyikiwa, sisi mchana wetu ni karibu masaa 12 mwaka mzima. Lazima ijaribiwe hapa. Na mimi ombi langu kwa watafiti wetu liko wazi. Kazi waliyofanya Uyole kwenye maharage tunaijua wote, Uyole 96, Njano Uyole, tunakula matunda yake. Njegere nayo ipewe nafasi, na majaribio yakifanyika isiandikwe kilo kwa hekta peke yake, ipimwe protini, chuma, zinki na muda wa kuiva jikoni, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Mkulima amechangia kodi, ana haki ya kujua.

Mzee_Umalila

Muda wa kuiva muhimu sana, kuni zimekuwa mbali.

Kinyungu_Kilolo

Wakuu nimerudi. Nimechimbua miche michache kinyunguni leo, imeanza maua. Vinundu vipo lakini vidogo vidogo, nimepasua, karibu vyote ndani vyeupe. Sikuweka urea hapo, niliweka samadi kidogo na DAP. Kinyungu kimelimwa miaka mingi, majani ya chini yana unjano tayari. Nifanyeje?

Mporoto_Shambani

Unjano mapema hivyo na vinundu vyeupe, cha kwanza kushuku ni uchachu wa udongo. Chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi) hao bakteria wanateseka na mizizi inapata sumu ya aluminiamu. Cha pili, kinyungu kikiwa na maji yaliyotuama vinundu vinakosa hewa. Msimu huu kwa mmea ulioanza maua chokaa haitawahi, fungua mfereji maji yashuke na palilia bila kukata mizizi, ukiweza weka naitrojeni kiasi kidogo sana kuokoa maganda. Baada ya kuvuna chota udongo sehemu kama kumi za hicho kinyungu, kina cha kiganja, changanya, anika kivulini, peleka upimwe, Uyole wanapima. Wakikuambia chokaa, wakutajie kiasi kwa eneo lako, imwage na kuichanganya na udongo miezi miwili kabla ya kupanda, usikisie kiasi kutoka kwa jirani.

Na kama kuna jirani hapo ambaye njegere zake ni za kijani safi na vinundu vyekundu, muombe debe la udongo wake uutawanye kwenye matuta yako siku ya kupanda, utakuwa umebeba bakteria wazoefu. Hakikisha tu shamba lake halina mnyauko.

Kinyungu_Kilolo

Sawa dada. Jirani ni yule wa njegere za duara. Kesho naenda na debe.